Kioo Hakitaki Nguvu: Namna ya Kukata Vijiti vya Kioo Maabara ya Shule

Vijiti vya kioo vya kukorogea na mirija ya kioo hufika shuleni kwa njia mbili. Vingine huwa vimekatwa tayari na ncha zake zimelainishwa. Vingine huletwa virefu, mara nyingi vya mita moja au moja na nusu, na shule ndiyo inayovikata. Kijiti cha mita moja na nusu hutoa vipande saba vya sentimita 20, urefu unaofaa kwa bika ya mililita 250, na kinabaki kipande kifupi cha kufanyia mazoezi ya moto. Kwa hiyo, mapema au baadaye, mwalimu wa Kemia au fundi wa maabara hujikuta ameshika kijiti kirefu mkono mmoja na tupa mkono mwingine.

Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Ikifanywa vibaya, huchana kiganja, hukata kano za vidole au hurusha kipande jichoni. Na anayeumia si lazima awe yule aliyekata. Anaweza kuwa mwanafunzi wa zamu anayeosha vyombo wiki moja baadaye, kidole chake kikapita juu ya ncha iliyoachwa kali.

Katika makala haya ninasisitiza jambo moja: kioo hukatwa kwa mkwaruzo, hakikatwi kwa nguvu. Popote katika kazi hii unapojikuta unakaza misuli, iwe ni kuvunja kijiti, kupenyeza mrija kwenye kizibo au kuuchomoa, jua kwamba kuna hatua umeiruka. Weka kioo chini, irudie hatua hiyo, kisha uendelee.

Kwa nini mkwaruzo mdogo unatosha

Kioo huhimili sana kubanwa, lakini ni dhaifu kinapovutwa. Na udhaifu huo haujasambaa sawasawa mwilini mwake. Hukusanyika palipo na ufa. Mwaka 1921 mhandisi Mwingereza Alan Arnold Griffith alichapisha utafiti wake uliotumia nyuzi nyembamba za kioo, akaonyesha kwamba nyufa ndogo ndizo zinazoamua kioo kitavunjika kwa mvuto kiasi gani. Kwenye ncha ya ufa mvuto hujikusanya, ukawa mkubwa mara nyingi kuliko sehemu nyingine za kioo.

Huo ndio msingi wa kazi yetu. Ukikwaruza kijiti kwa tupa, unaweka ufa mahali unapopataka wewe. Ukikipinda kidogo ili upande wenye mkwaruzo uvutike, ufa hukimbia moja kwa moja hadi upande wa pili. Kijiti kisichokwaruzwa, au kilichokwaruzwa juujuu, hakina ufa uliouchagua. Kitahitaji nguvu nyingi, na kitakapovunjika kitavunjikia kinapotaka chenyewe, mikono yako ikiwa bado inasukuma.

Maji nayo yana kazi yake. Molekuli za maji hushambulia vifungo vya silikoni na oksijeni kwenye ncha ya ufa, na kuurahisishia ufa kusonga mbele. Ndiyo maana mafundi hugusisha tone la maji kwenye mkwaruzo kabla ya kuvunja. Usilipuuze tone hilo.

Jua kioo ulichonacho

Kabla ya kukata, fahamu ni kioo cha aina gani. Vijiti na mirija mingi ya bei nafuu ni ya kioo cha soda, ambacho huanza kulainika kwenye nyuzi joto 700 hivi za Selsiasi. Vyombo vinavyokusudiwa kupashwa moto, kama bika na flaski nzuri, hutengenezwa kwa kioo cha borosiliketi, ambacho hulainika kwenye nyuzi 820 hivi. Kioo cha soda hutanuka kwa joto karibu mara tatu zaidi ya borosiliketi. Kwa hiyo hupasuka upesi kikipata moto au baridi ya ghafla.

Kama lebo imepotea, kuna kipimo rahisi. Chovya ncha ya kijiti kwenye mafuta ya alizeti au glisirini iliyo ndani ya gilasi safi. Borosiliketi hupindisha mwanga karibu sawa na vimiminika hivyo, basi sehemu iliyozama itakuwa kama imetoweka machoni. Kioo cha soda kitaendelea kuonekana wazi. Baada ya hapo kioshe kwa sabuni na ukikaushe, kwa sababu kijiti chenye mafuta huteleza mkononi na hutoa moshi motoni.

Kikague pia kwa macho. Kijiti chenye ufa, chenye mapovu makubwa au kilichokwaruzika hapa na pale kiache, hakitakutii. Na kijiti kinene kuliko milimita 8 si cha kukatwa kwa mikono shuleni. Tafuta mtu mwenye vifaa vya kazi hiyo, au nunua kilichokatwa tayari.

Andaa mahali na vifaa

Unahitaji tupa ya pembe tatu, ile ambayo maseremala hunolea misumeno. Hupatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Iwe kali, na iwekwe kwa kazi ya kioo peke yake, kwa sababu tupa iliyokwisha kusugua vyuma huteleza juu ya kioo bila kuacha alama. Hapo mtu huanza kukandamiza, na nguvu imekwisha kuingia. Kisu maalumu cha kukatia kioo kinafaa zaidi, kama shule inacho.

Unahitaji pia rula, kalamu ya wino mzito, maji kidogo kwenye kisahani, na taulo mbili ndogo au vitambaa vizito. Kitambaa chepesi cha kufutia ubao hakitoshi. Vaa miwani ya kinga inayoziba hadi pembeni. Miwani ya kusomea haizuii kipande kinachoruka kutoka kando. Vaa viatu vilivyofunika vidole. Funga nywele ndefu, na kunja mikono ya shati kabla ya kuwasha moto.

Tandika gazeti au karatasi nyeupe juu ya meza tambarare ili vipande vidogo vionekane na viondolewe kwa pamoja. Chagua pembe ya maabara isiyopitwa na watu. Mtu akikugonga kiwiko wakati umeshika kioo, utaalamu wako wote hautakusaidia.

Mkwaruzo mmoja

Laza kijiti mezani, pima, weka alama kwa kalamu. Acha angalau sentimita 8 kila upande wa alama ili viganja vipate pa kushika. Kipande kifupi kuliko hapo hakivunjwi kwa mikono.

Shikilia kijiti karibu na alama kwa mkono mmoja. Kwa mkono mwingine weka ukingo wa tupa juu ya alama, ukikatisha kijiti kwa pembe mraba, kisha isukume mara moja, kwa uthabiti, kuelekea mbele. Vidole vya mkono ulioshika kijiti visiwe kwenye njia ya tupa. Kwa kijiti cha milimita 6, mkwaruzo wa milimita 3 au 4 unatosha; hakuna haja ya kukizungusha chote. Ukipitisha ukucha juu yake, ukucha unapaswa kukwama kidogo.

Tupa si msumeno. Ukiipeleka mbele na nyuma, utapata mifereji mingi inayopishana, na kijiti kitavunjika kwa mshazari au kitaacha kijino kirefu kilichochongoka. Kama mkwaruzo wa kwanza haukushika, pitisha tupa mara moja zaidi ndani ya mstari uleule, si pembeni yake. Ikikataa tena, tatizo ni tupa. Badilisha tupa.

Kuvunja

Lowesha mkwaruzo kwa tone la maji. Funika kijiti kwa kitambaa upande wa kushoto na upande wa kulia, viganja vyote viwe ndani ya kitambaa. Geuza kijiti hadi mkwaruzo utazame mbele, mbali nawe. Weka vidole gumba viwili upande wako, nyuma ya mkwaruzo, kimoja kushoto na kimoja kulia, vikikaribia kugusana. Vidole vingine vikumbatie kijiti kwa mbele.

Sasa shusha mikono usawa wa tumbo, viwiko karibu na mbavu, uso mbali. Hakikisha hakuna mtu aliyesimama mbele yako. Sukuma taratibu kwa vidole gumba kuelekea mbele, na papo hapo vuta mikono kuelekea pande mbili, kana kwamba unataka kukirefusha kijiti. Mvuto huo wa pembeni una maana kubwa: hufanya ufa ukimbie wima, na kijiti kinapoachana, mikono inaelekea mbali na ncha badala ya kuzirukia. Utasikia mlio mfupi, na vipande viwili vitabaki mikononi.

Usikivunje gotini kama muwa. Usikigonge kwenye ukingo wa meza. Usimpe mwenzako ashike upande mmoja nawe upande mwingine, kwa sababu watu wawili hawasukumi kwa wakati mmoja wala kwa kipimo kimoja. Na kama hakivunjiki kwa msukumo mwepesi, usiongeze msukumo. Kiweke chini, kikwaruze upya, kiloweshe upya. Kijiti kilichokataa mara mbili kitupwe kwenye chombo cha vioo vilivyovunjika. Mkono wako una thamani kubwa kuliko sentimita 20 za kioo.

Ncha mpya bado ni hatari

Hapa ndipo watu wengi huona kazi imekwisha, nami nasema imefika katikati. Ncha iliyovunjika vizuri hung'aa na huonekana isiyo na madhara, lakini ukingo wake unakata ngozi kwa kuguswa tu. Tena kijiti chenye ncha kali hukwaruza kitako cha bika kila kinapokorogea, na mikwaruzo hiyo ndiyo nyufa zitakazoipasua bika siku itakapowekwa motoni. Kila ncha lazima ilainishwe siku hiyohiyo.

Njia bora ni moto. Kausha kijiti kwanza, maana ule unyevu uliosaidia kuvunja sasa unaweza kukipasua. Washa kichomeo cha Bunsen na ufungue tundu la hewa upate mwali wa buluu. Shika kijiti mbali na ncha, ukiinamishe kidogo, na ukipitishe motoni huku na huku ili kipate joto polepole. Kisha kilete juu kidogo ya koni ya ndani, palipo na joto kali zaidi, ukikizungusha bila kusimama. Mwali utageuka rangi ya njano ya machungwa. Hiyo ni sodiamu iliyo ndani ya kioo, na ni dalili kwamba uso wa kioo umepata joto la kutosha. Kingo zikishaviringana, kitoe. Kwa mrija usikawie, kwa sababu kioo kilicholainika hujivuta ndani na kuziba tundu.

Shule nyingi hazina gesi. Taa ya spiriti inaweza kulainisha ncha ya kijiti chembamba cha kioo cha soda, ikihitaji subira, lakini haitoshi kwa borosiliketi. Usiijaze taa hiyo ikiwa inawaka au ingali ya moto. Mwali wa spiriti hauonekani vizuri mchana, na mtu huweza kumimina spiriti juu ya moto asiouona. Kama huna moto wa kutosha, tumia msasa wa maji. Loweka msasa na ncha, sugua kwa mzunguko hadi kingo zilainike, kisha suuza. Usisugue kikavu kamwe, kwa sababu vumbi la kioo halifai kuingia mapafuni. Njia hii hufaa pia kuondoa kijino kidogo kilichobaki baada ya kuvunja, kabla ya kwenda motoni.

Kioo cha moto kina hatari ya pekee: hakionyeshi dalili yoyote. Dakika moja baada ya kutoka motoni kinafanana kabisa na kile cha baridi, na bado kinaunguza. Tenga sehemu moja ya meza, weka tofali la kuchoma lililo kavu, na laza kila kijiti kilichotoka motoni juu yake, ncha zote zikielekea upande mmoja. Mtu yeyote asiokote kitu hapo kabla ya dakika kumi kupita, na hata zikipita, alete kwanza mgongo wa kiganja karibu, bila kugusa, apime joto. Usikilaze juu ya chuma baridi wala meza yenye maji, kitapasuka. Na zile bamba na nyavu kuukuu zenye asbesto ambazo bado zimo katika makabati ya maabara za zamani zisitumike.

Mrija na kizibo

Hatari ileile ya nguvu hurudi pale mrija unapoingizwa kwenye kizibo cha mpira. Mwanafunzi hushika mrija kwa juu, huukandamiza kuelekea kiganja kilichoshika kizibo, mrija hukatika, na kipande kilichobaki huzama kiganjani. Jeraha la namna hii linaweza kufika kwenye kano na neva.

Hakikisha tundu la kizibo linalingana na unene wa mrija. Hakikisha ncha imelainishwa na imepoa. Paka ncha na tundu glisirini, ile inayouzwa madukani kwa ajili ya ngozi, au maji ya sabuni. Funga mikono yote miwili kwa kitambaa. Shika mrija sentimita 2 au 3 tu kutoka kwenye kizibo, uzungushe ukiusogeza kidogo kidogo, na kiganja kilichoshika kizibo kisiwe mbele ya tundu. Mrija uliopindwa usishikwe kwenye kona yake, kwani hapo ndipo hukatika kwa urahisi.

Mrija ulioganda kwenye kizibo cha zamani usiuvute. Kipasue kizibo kwa kisu ukielekeza makali mbali na mkono, uutoe mrija. Kizibo kingine kitanunuliwa.

Vipande vilivyovunjika

Kila maabara iwe na ndoo ya bati au boksi gumu lenye maandishi makubwa: VIOO VILIVYOVUNJIKA. Kisiingie kitu kingine humo, na kioo kisiingie kwenye pipa la kawaida. Anayebeba taka hajui ulichotupa, na mifuko ya plastiki haizuii kioo. Fagia kwa brashi na kizoleo. Vipande vidogo viokote kwa karatasi laini iliyoloweshwa, si kwa vidole. Boksi likijaa, lifungwe na kufukiwa kwenye shimo refu lililo mbali na viwanja vya michezo.

Sinki nalo liangaliwe. Kijiti kilichovunjika kikizama kwenye maji yenye povu hakionekani. Vijiti vioshwe kimoja kimoja, visirundikwe ndani ya beseni.

Mtu akiumia

Mkato mdogo uoshwe kwa maji safi yanayotiririka, kisha ukandamizwe kwa kitambaa safi na mkono uinuliwe juu. Anayesaidia avae glavu. Kipande kilichozama usikichomoe, kwani huenda ndicho kinachozuia damu. Kandamiza kandokando yake na umpeleke majeruhi hospitali. Hali ni hiyohiyo kama damu haikomi, au kama kidole kimekufa ganzi au hakikunjiki. Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda.

Sehemu iliyoungua iwekwe chini ya maji baridi ya bomba kwa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta, asali na ute wa yai visipakwe. Kioo kikiingia jichoni, asifikiche. Funika jicho bila kulikandamiza, apelekwe hospitali mara moja.

Wanafunzi washiriki vipi

Katika darasa la wanafunzi 40 au zaidi, kukata vijiti hakuwezi kuwa kazi ya kila mtu kwa wakati mmoja. Vikate kabla ya kipindi. Wa kidato cha kwanza watazame ukionyesha kimoja, mbali kidogo, wakiwa wamevaa miwani, kisha waeleze kwa nini kilivunjikia pale pale. Ni nafasi nzuri ya kuunganisha usalama wa maabara na miali ya moto, mada ambazo hukutana nazo mapema. Wakubwa wajaribu mmoja mmoja, wewe ukiwa ubavuni, na yule uliyemwona akilazimisha umsimamishe papo hapo, umwambie arudi kwenye tupa. Usimpe mwanafunzi kazi hii kama adhabu wala usimwachie maabara peke yake.

Wakuu wa shule nao wana sehemu yao. Tupa kali, miwani inayoziba pembeni, taulo mbili, chupa ya glisirini na boksi la vioo ni vitu vya gharama ndogo. Mwalimu akiviomba, apewe. Asilazimike kufidia tupa butu kwa misuli yake.

Anza na vijiti vilivyomo kabatini sasa hivi. Pitisha kipande cha pamba juu ya kila ncha, usitumie kidole. Pamba ikinasa, ncha hiyo ni kali, bila kujali nani aliikata na lini. Tenga vijiti hivyo, vilainishe vyote kwa moto au msasa wa maji, na ndipo ukate kijiti kipya.